Bibi Hakuwa Mvumilivu

Siku tuliyomzika bibi yangu, kila aliyepewa nafasi ya kusema alimsifu kwa uvumilivu. Paroko alisema hivyo. Mwenyekiti wa kitongoji akasema hivyo. Mwakilishi wa akina mama wa jumuiya akasema hivyo na kurudia, na mzee mmoja wa ukoo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa chanzo kimojawapo cha hayo ya kuvumiliwa, naye akasema hivyo hivyo huku akipangusa macho. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Nami nimekaa chini ya turubai na wajukuu wenzangu, najiuliza: huyu wanayemsema ni nani?

Sikatai kwamba alipitia mengi. Ninachokataa ni ile sura ya mama aliyekaa kimya, akapokea kila lililomjia, akanyamaza mpaka Mungu alipomwita. Bibi niliyemjua mimi alikuwa mtu wa hesabu. Alijua nani ana deni kwake, yeye ana deni kwa nani, na siku gani inafaa kudai. Alipima maneno, akapima chakula, akapima watu. Kumsifu mwanamke wa namna hiyo kwa uvumilivu peke yake ni kuchukua kazi yote aliyoifanya kwa kichwa chake na kuiita tabia njema.

Na mimi nina sehemu katika jambo hilo, maana wasifu uliosomwa siku ile niliuandika mimi, usiku wa kuamkia mazishi, kwa mwanga wa simu, mjomba na mama wadogo wakinisahihisha. Wasifu wa marehemu una kanuni zake: kuzaliwa, ubatizo, elimu, ndoa, watoto, kuugua, kufariki, idadi ya walioachwa. Penye elimu tuliandika kwamba alihitimu kisomo cha watu wazima. Penye kazi pakazuka ubishi, huyu anataka "mkulima", yule anataka "mama wa nyumbani", mwisho tukaandika yote mawili na kuweka mkwaju katikati. Penye mwaka wa kuzaliwa ndipo tulipokwama kabisa. Kadi ya kupigia kura ilisema 1942, na kadi ya ubatizo ilikuwa na doa la maji mahali hasa pa tarehe.

Yeye mwenyewe namba hizo hazikumshughulisha. Miaka aliihesabu kwa matukio. Aliolewa mwaka Rugambwa alipofanywa kardinali, yaani 1960. Mama yangu alimzaa mwaka wa Azimio la Arusha. Laurean Rugambwa alikuwa mtoto wa kwetu Buhaya, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu, na bibi alisimulia habari hiyo kana kwamba Papa Yohane XXIII alitangaza mambo mawili kwa pamoja: ukardinali wa Rugambwa na harusi yake.

Aliolewa Kamachumu, kwenye uwanda wa juu wa wilaya ya Muleba, nyumba iliyozungukwa na kibanja pande zote. Kwa asiyeijua Kagera: kibanja ni migomba na mibuni iliyopandwa pamoja, maharage chini yake, nyumba katikati. Nje ya vibanja ndiko iliko rweya, mbuga ya nyasi, ambako wanawake walilima njugumawe na kukata nyasi za kutandaza shambani. Udongo wa huko hautoi kitu bure. Rutuba ya kibanja imetengenezwa kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi, kwa majani, kwa maganda ya ndizi yaliyorudishwa chini ya mgomba mwaka hata mwaka. Ukiona mgomba umenenepa, ujue kuna mwanamke aliyebeba kitu kichwani.

Babu alikuwa katekista. Mchana kauli ilikuwa yake. Wageni walikaribishwa kwa jina lake, na akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa kwa kutafuna, zilipelekwa kwanza mbele yake. Usiku mambo yalikuwa mengine. Chumba chetu wajukuu kilitenganishwa na chao kwa ukuta usiofika juu, kwa hiyo tulisikia yote. Babu alisoma gazeti la Kiongozi kwa sauti, gazeti lililokwisha kupita mikononi mwa nusu ya parokia kabla ya kumfikia, bibi akimsikiliza huku akichambua maharage. Gazeti likikunjwa, zamu ilikuwa ya bibi. Yule mbuzi auzwe sasa au angoje Pasaka. Paa la jikoni halitafika masika. Yule kijana anayekuja kumposa binti yetu, kwao wanaume wana mikono myepesi. Babu alikohoa, akasema, "Tutaona." Asubuhi, kwenye uji, babu alitangaza uamuzi wake, na uamuzi wenyewe ulikuwa ule ule wa bibi, umevaa kanzu tu. Bibi aliupokea kwa kuinamisha kichwa kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

Nadhani babu alijua. Nadhani hata alifurahia. Nina ushahidi wa senene. Msimu wa senene, Novemba, mvua ikishakolea, kijiji kizima hakilali. Kwa mila za zamani kuwakamata ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, lakini mwanamke hakuwala. Walikuwa chakula cha mume. Bibi aliwakamata, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa chumvi na mafuta yao wenyewe, akampelekea babu sahani iliyojaa, kwa adabu zote. Huko jikoni, kabla ya sahani kutoka, alikuwa ameonja. "Mpishi lazima aonje chumvi," alituambia, na kuonja kwake kulikuwa konzi nzima, kisha nyingine. Na babu, kila msimu, akishapokea sahani, aliuliza kwa sauti ya upole, "Chumvi ulionja vizuri?" Bibi akajibu, "Nilionja." Wakatazamana. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya ndoa, na sijakutana na ukurasa unaozidi mazungumzo yale.

Vita vilimkuta akiwa na watoto wadogo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kukalia ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbilia kusini kwa miguu na magodoro yao na mbuzi wao. Nyumba ya bibi ilipokea familia mbili. Wasifu wetu unasema hapo kwamba "marehemu alikuwa mkarimu". Mama mdogo, ambaye siku hizo alikuwa msichana wa kuchota maji, anakumbuka zaidi ya ukarimu. Anasema usiku wa kwanza bibi alizunguka kibanja na taa ya chemli akihesabu mikungu iliyokomaa na ile iliyo njiani kukomaa. Akarudi, akawakalisha wale wageni, akawaambia: watoto mara mbili kwa siku, sisi wakubwa mara moja, tutafika Krismasi. Akagawa na kazi: nani kisimani, nani kuni, nani jikoni. Hakuna aliyeachwa akae tu na huzuni yake. Krismasi ilifika, na ndizi zilikuwepo.

Kisha ikaja miaka ambayo kwenye wasifu tuliipitisha kwa sentensi moja: "Alifiwa na watoto watano kati ya wanane."

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu, watatu, mwaka 1983. Wakati huo watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vilivyoletwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa waliotangulia kuugua wengi walikuwa vijana wa biashara za mpakani. Ilipofika 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na wagonjwa wake. Kwa bibi uliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini na haukutoka upesi. Kwetu maiti huzikwa kibanjani, kwa hiyo watoto wake wote watano wako pale, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoitandazia nyasi mwenyewe. Alikuwa akipita kando yao kila alipokwenda kukata mkungu.

Wajukuu tukaanza kuletwa, mmoja mmoja, tukafika tisa. Mimi nilifika na meli kutoka Mwanza mwaka mmoja kabla MV Bukoba haijazama. Naona nami nimerithi kalenda yake. Kwenye gati la Kemondo palikuwa na ndugu wengi wa kunikumbatia na kulia. Nyumbani, bibi aliniangalia viatu, akaniuliza nimefika darasa la ngapi, kisha akanishika mkono hadi kwenye banda na kunionyesha kuku mmoja mwekundu.

"Huyu ni wako. Akitaga, mayai ni yako. Akifa, msiba ni wako."

Nilikuwa na miaka saba. Sikupewa chakula kwanza wala pole. Nilipewa kuku. Usiku ule niliamka mara kadhaa kusikiliza kama yuko hai, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kutoka nje, mimi ambaye tangu mama afariki ilibidi kuvutwa shuka. Baadaye nilikuja kugundua kwamba kila mjukuu aliyefika alipewa chake: mbuzi, mche wa parachichi, tuta la viazi. Watu walidhani anatufanyisha kazi mapema. Alikuwa anatupa sababu ya kuamka.

Nyumbani mwetu jina "yatima" halikutamkwa. Mgeni aliyelitamka alikatishwa na swali la ghafla juu ya afya ya ng'ombe wake. Lakini siku bibi alipokwenda ofisi ya kata au parokiani kuulizia sare na madaftari, alivaa kanga yake iliyochakaa kuliko zote, akachukua wawili kati yetu, wale wembamba, na mlangoni tu akaanza: "Nimewaleta yatima wangu." Kwa sauti ya kutetemeka ambayo sijaisikia tena popote. Tukitoka, sare zikiwa kwapani, alinyoosha mgongo na mwendo wake ukarudi kuwa ule wa siku zote. Binamu yangu alimwuliza njiani kama ule haukuwa uongo. Bibi akasema uongo ungekuwa kama angeomba sare tisa na watoto ni watano.

Sasa nije kwenye daftari lake. Bibi alijifunza kusoma na kuandika katika kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimesimama wima, kila moja imeachiana nafasi na mwenzake. Alikuwa na daftari la mistari, likijaa analishona jingine juu yake kwa uzi wa gunia, na mwisho likawa nene kama katekisimu. Nimelishika mara nyingi tangu afariki. Upande wa kushoto kuna tarehe, si ya mwezi bali ya sikukuu: "baada ya Watakatifu Wote", "wiki ya Majivu". Katikati ni mtu: "mama wa bondeni", "mke wa fundi". Kulia ni kitu: mkungu mmoja, debe la maharage, siku mbili za kupalilia, shuka la kulalia maiti. Aliyerudisha amepigiwa mstari. Kurasa za miaka ya tisini zimejaa misiba, na kila msiba una orodha: nani alikuja, alileta nini, alikaa siku ngapi, nani alichimba kaburi.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni daftari la shukrani. Lilikuwa hivyo pia. Lakini hasa lilikuwa namna yake ya kuishi na watoto tisa bila mshahara. Januari mmoja akihitaji kiatu, bibi hakukaa akalia. Alifungua daftari. Mke wa fundi ana deni la siku mbili za kupalilia, fundi ana ngozi, basi. Hakudai mtu aliyefiwa, hakudai mjamzito, na hakudai watu wawili wa nyumba moja msimu mmoja. Kanuni hizo hakuziandika popote. Mama wadogo wamenieleza, nao walizijua kwa kumtazama.

Kwa sababu ya daftari hilo hakuwahi kuuza kahawa kwa butura. Hili linahitaji maelezo. Kahawa yetu nyingi ni robusta. Huvunwa katikati ya mwaka, ikaanikwa juani na maganda yake mpaka iwe nyeusi na ilie ukiitikisa mkononi. Miezi ya kabla ya mavuno ndiyo miezi ya mifuko mitupu, na ndipo wanapopita watu wa butura. Wanakupa fedha mbuni ukiwa bado na maua. Ukivuna, kahawa ni yao, kwa bei mliyokubaliana siku ulipokuwa na shida. Mjane mwenye watoto wa shule ndiye mteja wao hasa. Walikuja kwa bibi kila mwaka, wakakaribishwa akamwani, wakaulizwa habari za nyumbani, wakaondoka. Alikopa chakula, akakopa nguvu za watu, lakini fedha juu ya ua la mbuni hakukopa. Mwaka 2001, ada ya shule za msingi ilipofutwa, alikuwa na watoto wanne darasani kwa wakati mmoja. Aliposikia kwenye redio alichukua daftari, akaandika, akafuta, akaandika tena, na jioni ile tukala nyama.

Wakati huo babu alikuwa ameshafariki. Mrithi mkuu, omusika kama tunavyosema, alikuwa mjomba wangu mkubwa, naye hakukawia kumfuata. Akaacha mtoto wa kiume wa miaka sita. Hapo ndipo ndugu wa babu walipoanza kupitapita jioni, wakisifu hali ya hewa na kuangalia mipaka. Hoja yao ilikuwa kwamba kibanja ni cha ukoo, mtoto ni mdogo, na mwanamke hakai juu ya ardhi ya ukoo kama mwenyewe. Sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 ziliwapa ujasiri huo kwa kiasi kikubwa.

Bibi aliwaomba waje mchana, wote, na mashahidi. Walipofika hakuwaingiza ndani. Aliwatembeza kibanjani. Alisimama kwenye kaburi la kwanza akataja jina, akasogea la pili akataja jina, hadi la mwisho. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akashika kalamu, akasema: "Anayekitaka kibanja anakichukua na hawa. Aseme sasa ni nani atakayepalilia hapa, nimwandike." Tulikuwa tumejibanza jikoni. Nakumbuka kimya, na nakumbuka mzee mmoja akihamisha fimbo mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Bibi hakuwaachia kimya kile kikae sana. Akaongeza, kama mtu anayesema habari ya pembeni, kwamba siku hizi akina mama wanakwenda mpaka Mahakama Kuu, na Mwanza si mbali, kuna meli.

Alikuwa anajua anachosema. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilikuwa imeamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake kwa wosia na kuliuza, akashitakiwa na mtoto wa ndugu yake kwamba mwanamke hana haki hiyo. Jaji alisema anayo, kwa kuwa Katiba hairuhusu ubaguzi wa namna ile. Bibi hakuwa amesoma hukumu. Aliisikia kanisani, sokoni, kwenye foleni ya kupima kahawa, mahali ambapo wanawake hupashana habari zilizo muhimu, na akaiweka akiba mpaka siku ilipohitajika. Makubaliano yaliandikwa siku ile ile: binamu yangu ndiye mrithi, bibi ndiye mlezi na msimamizi mpaka akue. Nilisomeshwa karatasi ile kwa sauti mbele ya wote, kisha nikasomeshwa tena, kabla hajaruhusu mtu kutia saini.

Mzee wa fimbo ndiye yule niliyemtaja, aliyelia kwenye mazishi. Simlaumu. Pengine kwake uvumilivu ulikuwa jina la heshima la kitu kilichomshinda.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliingia Muleba. Jani linageuka njano bila sababu, mkungu unaiva kabla ya wakati wake, ukikata ndizi ndani ni kahawia na haifai hata kwa mbuzi. Bwana shamba alipita akisema ng'oeni mgomba wote ulioambukizwa, msikate mwingine kwa panga hilo hilo kabla ya kulipitisha kwenye moto, na ua dume lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu liondolewe mapema, kwa kuwa wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Watu wengi walimsikiliza wakaenda zao. Kung'oa mgomba wenye mkungu ni kama kumwaga chakula, na maneno ya ofisini yamewahi kuwapotezea watu mazao yao.

Bibi alimwuliza maswali mpaka yule kijana akakaa chini. Kwa nini moto? Kwa nini siyo sabuni? Wadudu gani? Baada ya hapo alichonga mti mrefu wenye panda mwishoni, akatufundisha kukamata kikonyo cha ua dume ndani ya panda na kuzungusha hadi kivunjike, bila kisu kugusa. Asubuhi aliwasha moto mdogo kwenye kona ya kibanja na panga likapita pale kila baada ya mgomba mmoja. Alianza kwa kung'oa migomba ya aina ya ntobe aliyokuja nayo kutoka kwao alipoolewa. Majirani wakasema mama huyu anakata chakula cha yatima. Tulikula viazi na mihogo msimu mzima, na kwa mihogo ile sina kumbukumbu nzuri hata moja. Lakini miaka iliyofuata watu walikuja kuomba machipukizi kwake, na wote wakaingia kwenye daftari.

Mama mdogo, aliyemwona bibi na taa ya chemli usiku ule wa vita, yuko hai kwa sababu ya ukurasa mwingine wa daftari. Mwishoni mwa 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, na zilipofika kwetu yeye alikuwa hawezi tena kusimama. Dawa zile hazitaki uzembe. Wakati ule zilikuwa za asubuhi na usiku, saa ile ile, siku zote za maisha. Nyumba haikuwa na saa. Ilikuwa na redio. Bibi akaamua kwamba dawa itamezwa taarifa ya habari ya saa mbili inapoanza, asubuhi na usiku, na kila kidonge kikapigiwa alama, fimbo nne na ya tano imelala juu. Kurasa hizo hazina neno hata moja. Zimejaa fimbo tu, miezi na miezi. Betri za redio zikawa na bajeti yake, mbele ya sukari. Siku mama mdogo alipotoka kwa miguu yake kwenda rweya kukata nyasi, bibi hakusema lolote la kukumbukwa, ila aliendelea kupiga fimbo zake usiku ule kama kawaida.

Nilipoolewa, kicheni pati yangu ilifanyika Mwanza. Anayejua sherehe hizo anajua zinavyokwenda: kila mama anayeinuka ana sufuria mkononi na ushauri mdomoni, na ushauri wenyewe ni mmoja, mwanangu, ndoa ni kuvumilia. Bibi alikuwa amekuja na basi, meli hakuipanda tena tangu MV Bukoba ilipozama 1996. Aliketi mbele, kitenge kipya, miguu haigusi zulia vizuri. Alipopewa kipaza sauti alikishika mbali na mdomo kama kitu chenye moto, akauliza kama mume wangu ni mtu anayeongea usiku au anayelala. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Kama anaongea, mengine mtapanga. Na uwe na daftari." Akarudisha kipaza sauti. Mshereheshaji alidhani kuna sehemu nyingine inakuja, akangoja.

Ninalo. Mume wangu hulala mapema, kwa hiyo tunaongea alfajiri. Nikiitazama namna ninavyomlea binti yangu, naona mahali ninapomfuata bibi na mahali nisipoweza. Mimi humkumbatia kwanza, kuku anakuja baadaye, na kwenye nyumba ya kupanga kuku mwenyewe ni shida. Lakini sijawahi kumwambia avumilie. Akija na shida yake ya shule namwuliza nani anahusika, nani anaweza kusaidia, na yeye mwenyewe ana nini cha kutoa. Mwalimu wake amewahi kuniambia mtoto ana maswali mengi. Nimemwambia ndiyo, ameyarithi.

Bibi aliondoka kwa presha, wiki mbili tu za kitandani, akili yake ikiwa sawa hadi mwisho. Siku za mwisho alikuwa anamwagiza binamu yangu, yule mrithi wa miaka sita ambaye sasa ana ndevu, habari ya mibuni ya upande wa chini. Tulipoanua tanga, mama mdogo alileta daftari, tukakaa sebuleni sote na kuandika msiba wake kama alivyoandika ya wengine: nani alikuja, alileta nini, alikaa siku ngapi, nani alichimba. Kurasa nne zikajaa. Kisha tukarudi nyuma kutafuta yale ambayo hayajapigiwa mstari, na upande wa madeni yetu tukakuta mengi kuliko tulivyotegemea. Fundi, aliyewashonea viatu wajukuu wote, bado anatudai. Mama wa bondeni ametutangulia kwa debe moja la maharage.

Wiki iliyopita fundi amefiwa na mkewe. Binamu amenipigia simu jana: mikungu miwili imekatwa, atakwenda yeye na mama mdogo, watalala siku tatu. Mimi sipati ruhusa kazini, nimetuma nauli na fedha ya sukari. Ameniuliza aandike kwa jina la nani. Nimemwambia aandike kwa jina la bibi, na mpaka deni liishe asibadilishe.